Funga Bano

Mume wa mdogo wangu alipofuka akiwa na miaka tisa, kwa surua. Alipokuwa na umri wa miaka hamsini na mbili alikuwa ameandika, peke yake, programu ya kompyuta ambayo bila hiyo mimi nisingekuwa na kazi. Kiwandani walimwita Masikio. Mimi nilimwita shemeji, naye aliniita shemeji, na hivyo ndivyo tulivyoitana mbele ya wakubwa na wadogo.

Kiwanda chenyewe kilikuwa vyumba vitatu tu nyuma ya jengo la idara ya elimu. Tulichapa vitabu na mitihani ya nukta nundu, yale maandishi ya vinundu ambayo wasioona huyasoma kwa ncha za vidole. Chumba cha kwanza kilikuwa changu na mashine. Ilikuwa inagonga karatasi nzito kwa kelele za mvua ya mawe juu ya bati, ndiyo maana mpaka leo nazungumza kwa sauti ya juu hata msibani. Chumba cha pili kilikuwa cha Bi Vidole, msahihishaji wetu, mwanamke asiyeona aliyesoma kila nakala ya kwanza kwa vidole viwili huku mdomo wake ukisema watu kwa spidi ileile. Chumba cha tatu kilikuwa cha shemeji.

Skrini yake ilikuwa imezimwa daima. Ilikuwa na vumbi ambalo juu yake mfagizi alikuwa amechora ua kwa kidole, na ua hilo lilikaa pale miaka. Shemeji alifanya kazi kwa sikio. Alivaa spika ndogo kwenye sikio la kushoto, la kulia akiliacha wazi kwa ajili yetu, na kompyuta ikamsomea msimbo wake, yale maandishi ya programu, mstari kwa mstari, kwa kasi ambayo kwangu mimi ilikuwa kama mafuta yanayochemka kikaangoni. Yeye alisikia maneno. Alikuwa akiinamisha kichwa kidogo, anacheka peke yake, anarudi nyuma mistari mitatu, anabonyeza, anaendelea.

Programu yake ilichukua maandishi ya kawaida, kitabu cha historia tuseme, ikayageuza kuwa nukta nundu. Usidhani ni jambo la kubadilisha herufi kwa herufi. Kuna kanuni za wapi neno likatwe, namba ziandikwe vipi, jedwali lisomeke vipi, sehemu ya hesabu ianzie wapi. Zote hizo alizijua vidoleni tangu shule, na zote alizitia mle ndani kwa miaka kumi na saba. Mistari elfu thelathini na mbili.

Siku moja, mapema kabisa nilipoanza kazi, nilimuuliza: "Shemeji, kitu kirefu namna hiyo, hupotei humo ndani?"

"Napotea kama unavyopotea wewe nyumbani kwako taa zikizimika," akasema. "Yaani sipotei."

Akanieleza, na nitaeleza kama nilivyoelewa. Katika lugha ile ya kompyuta, kila kipande cha kazi hufunguliwa kwa bano na kufungwa kwa bano. Vipande hukaa kimoja ndani ya kingine, vitano, sita, hata saba. Mwenye macho huvisogeza kuelekea kulia kwa nafasi, kwa hiyo akitupia jicho tu anajua kipi kimo ndani ya kipi. Sikio halijui kulia kwa ukurasa. Lakini kompaila aliyoitumia, ile programu inayochukua maandishi ya fundi na kuyageuza yaeleweke na mashine, ilikuwa na nyongeza moja ambayo walioitengeneza waliitia zamani. Nyongeza hiyo ilimruhusu fundi kufunga kipande kwa jina lake. Badala ya bano tupu, unaandika *mwisho wa kukata neno*, au *mwisho wa mstari wa hesabu*. Na ukikosea, ukataja jina la kipande ambacho siyo unachokifunga, kompaila inagoma na kukwambia umekosea wapi.

"Kwa hiyo kila mlango ninaoufunga unaniambia ni wa chumba gani," akasema. "Na nikishika kitasa cha mlango wa jirani, unanipiga kofi."

Nyongeza hiyo haikuwemo katika lugha sanifu. Kompaila nyingine hazikuijua. Yeye alilifahamu hilo tangu mwanzo, na alipoulizwa alisema, "Hata mimi siongei sanifu nikiwa nyumbani."

Basi ulikuwa mwezi wa pili ilipotoka taarifa ya watunzaji wa kompaila. Alisomewa na kompyuta, halafu akaniita nimsomee tena kwa sauti ya mtu, kama vile sauti ya mtu ingebadilisha maneno. Nikasoma. Nyongeza ya kufunga kwa jina haimo katika lugha sanifu, inatumiwa na wachache, na inawapa watunzaji mzigo. Katika toleo lijalo itaondolewa. Chombo cha kugeuza msimbo wa zamani kimeandaliwa, na kitaweka mabano ya kawaida mahali pote husika, bila kubadilisha utendaji wa programu.

"Wachache," akasema shemeji. "Wamenihesabu."

Alicheka. Siku hiyo bado alikuwa anacheka.

Aliwaandikia. Aliandika barua ndefu yenye adabu, akaeleza yeye ni nani, anafanya kazi vipi, kwa nini bano tupu kwake ni sawa na mtu kunyamaza. Nilimsaidia kuhakiki tahajia. Tulisubiri wiki tatu. Jibu lilipokuja lilikuwa na adabu kuliko barua yake. Walimshukuru kwa maoni. Walielewa kwamba mabadiliko yangeleta usumbufu kwa watumiaji kadhaa. Walimshauri atumie kihariri cha kisasa, programu ya kuandikia msimbo, ambacho kinaonyesha kila jozi ya mabano kwa rangi yake tofauti.

Nilipofika kwenye neno rangi nilisita. Nilitaka kuliruka. Sikio lake likanikamata.

"Malizia, shemeji."

Nikamalizia. Bi Vidole, aliyekuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai, alicheka mpaka chai ikammwagikia. Shemeji naye akacheka, machozi yakamtoka. "Mwenye macho haambiwi tazama," akasema. "Asiye nayo ndiye anayeambiwa!" Tulicheka sisi watatu kama wendawazimu, halafu kicheko kikaisha, kila mtu akarudi chumbani kwake, na nikaona kwamba hakuwa amevaa spika yake. Alikaa tu, mikono juu ya meza.

Utasema, si angebaki na kompaila ya zamani? Nilisema hivyo pia. Lakini mwaka ule ule idara ilikuwa inaondoa kompyuta zote za zamani na kuhamishia kazi kwenye mashine kuu ya makao makuu, na kule ilikubalika kompaila ya toleo jipya peke yake. Aliyesimamia uhamisho huo alikuwa mhandisi, mwanamume mpole mwenye shati lililopigwa pasi hadi mikunjo ikakaa kama kisu. Nilitaka kumchukia lakini alinishinda, kwa kuwa kila alipokuja alianza kwa kumsalimia Bi Vidole kabla ya wote na kumuulizia magoti yake.

Tulikaa kikao ofisini kwa mkurugenzi. Mkurugenzi wetu alikuwa mama wa makamo, mchapakazi, anayesikiliza huku anasaini karatasi. Mimi niliitwa kama mwendesha mashine. Shemeji alieleza tena. Akasema anaweza kuandika kichujio, programu ndogo tu, yeye abaki na msimbo wake wenye majina, na kichujio kiyaondoe majina kabla ya kuupeleka makao makuu.

Mhandisi akasikiliza mpaka mwisho. "Mzee wangu, nimekuelewa," akasema. "Kweli nimekuelewa. Lakini programu hii sasa itashughulikiwa na watu watatu. Wewe hapa, na wenzako wawili kule. Wao wakibadilisha kitu kwenye msimbo wa kule, wa kwako hautajua. Ukiuleta wa kwako, utafuta wa kwao. Tutakuwa na programu mbili zenye jina moja zinazogombana. Hilo ndilo nililoletwa hapa kulizuia."

"Basi na wao waandike majina. Hata kama maelezo tu pembeni."

"Nitawaomba. Lakini maelezo ya pembeni, mzee, kompaila haiyakagui. Mtu atabadilisha kipande na kusahau jina. Utasoma jina la uongo."

Shemeji akainamisha kichwa. Alijua ni kweli. Nilimwona akijua.

Mkurugenzi akaweka kalamu chini. "Nisaidieni mimi nisiyejua. Baada ya kugeuzwa, programu itafanya kazi?"

"Itafanya," akasema mhandisi.

"Vilevile kama zamani?"

"Nukta kwa nukta."

Mkurugenzi akamgeukia shemeji, na nasema hivi kumtendea haki, hakumgeukia kwa dharau. "Masikio. Ni kweli?"

"Ni kweli, mama."

"Basi?" akasema. Akachukua kalamu.

Siku ya kugeuza walikuja na keki. Mhandisi alibonyeza, chombo kikakimbia juu ya mistari elfu thelathini na mbili, na sekunde kumi na moja baadaye kilikuwa kimemaliza. Sekunde kumi na moja, nilizihesabu kwenye saa ya ukutani. Tulichapa kurasa mia mbili za majaribio na Bi Vidole akazipitishia vidole zote na hakupata tofauti hata ya nukta moja. Watu wakapiga makofi. Shemeji naye akapiga makofi, akala keki, akamwambia mhandisi kazi yake ni safi, na ilikuwa safi kweli.

Walipoondoka akashika spika yake. Safari hii hakuivaa sikioni, aliichomoa ili sauti itoke nje, akapunguza kasi ili na mimi nielewe. Akafungua ile sehemu ya kukata maneno mwishoni mwa mstari, sehemu aliyoiandika mwaka aliozaliwa binti yake wa pili na ambayo alijivunia kuliko zote. Sauti ya bati ya kompyuta ikasoma, ikafika mwisho wa kipande, ikasema:

"Funga bano. Funga bano. Funga bano. Funga bano. Funga bano. Funga bano."

"Shemeji," akasema, "hilo la nne ni la nini?"

Nikawasha skrini, nikafuta vumbi kwa kiganja, nikaangalia. Niliyaona mabano sita yameshuka kama ngazi. Niliona la nne limekaa wapi. Lakini mimi ni mwendesha mashine. Nilijua karatasi, wino sijui, msimbo sijui.

"Liko nafasi kumi na mbili kutoka kushoto," nikasema.

"Ahsante," akasema.

Tulifanya hivyo kwa majuma mawili. Mashine yangu ilipokuwa inagonga kitabu kirefu niliingia chumbani kwake na kumhesabia nafasi. Baadaye aliiwekea kompyuta mpangilio wa kuzitaja nafasi yenyewe, na hivyo ikawa inasema, "Nafasi ishirini, funga bano, nafasi kumi na sita, funga bano," na yeye akawa anashika namba hizo kwa vidole chini ya meza. Niliona vidole vyake. Mtu aliyekuwa akisikiliza msimbo huku anacheka, sasa alikuwa anahesabu kama mtoto anayejifunza jedwali la kuzidisha. Kazi ya saa moja ilichukua siku nzima. Na kila Jumatatu msimbo kutoka makao makuu ulifika na mabadiliko ya wale wawili, na hesabu aliyokuwa ameishika kichwani wiki iliyopita ikawa haifai kitu.

Mdogo wangu aliniambia mumewe ameanza kuwa kimya nyumbani. "Dada, zamani akirudi ananisimulia alichotengeneza, hata kama sielewi. Sasa nikimuuliza anasema, leo nimefunga mabano." Yeye ni muuguzi, amezoea wagonjwa wasiosema, lakini mumewe hakuwa amemzoea hivyo. "Kwani huwezi kumsaidia kule?"

"Nafanya ninachoweza, mdogo wangu."

"Unafanya nini?"

Nikaona aibu kumwambia kwamba nahesabu nafasi.

Basi ukaja mwezi wa mitihani. Mtihani wa hesabu wa watoto wasioona, watoto sitini na watatu katika shule sita, ulikuwa wetu kuuchapa. Tuliuchapa Jumatatu na Bi Vidole akausoma wote. Jumatano asubuhi baraza la mitihani likaleta sahihisho: namna ya kuandika sehemu za hesabu, yaani nusu na robo na nyinginezo, imebadilika mwaka huu, kwa hiyo programu irekebishwe na mtihani uchapwe upya. Gari la kusambaza lingeondoka Alhamisi saa sita mchana.

Wale wawili wa makao makuu walijua msimbo lakini hawakujua nukta nundu. Shemeji alijua nukta nundu, na msimbo alikuwa anaujua kwa namna aliyoachiwa. Kazi ikawa yake. Alikaa nayo Jumatano kutwa. Mara mbili aliniita nimwangalizie bano, mara mbili nikamwambia namba. Saa kumi akasema tayari. Majaribio yote yakapita. Nikachapa. Bi Vidole akasoma sehemu za hesabu tu katika kila ukurasa, kwa kuwa hizo ndizo zilizoguswa, na zote zilikuwa sawa kabisa. Alhamisi saa tano na nusu tulifunga vifurushi, na gari likaondoka.

Sasa, katika nukta nundu tarakimu hazina umbo lake. Moja ni nukta zilezile za *a*, mbili ni *b*, tatu ni *c*, nne ni *d*. Kinachotofautisha ni alama moja inayotangulia, inayomwambia msomaji kwamba kinachofuata ni namba. Ikikosekana alama hiyo, nne ni *d* na hakuna wa kukubishia.

Mstari mmoja. Shemeji aliongeza mstari mmoja mahali palipostahili kuwa kabla ya bano la nne kutoka mwisho, yeye akauweka baada yake. Zamani pale pangeandikwa *mwisho wa sehemu iliyo mkiani mwa mstari*, na asingeweza kukosea hata kama angetaka. Kosa hilo halikujitokeza popote isipokuwa pale ambapo sehemu ya hesabu iliangukia mwishoni kabisa mwa mstari, na mstari uliofuata ukawa na namba. Katika mtihani wote hilo lilitokea mara moja, swali la kumi na nne, kwenye ukurasa ambao sehemu yake ilikuwa moja tu, mkiani mwa mstari. Bi Vidole aliisoma sehemu hiyo, akaikuta sawa, na akageuza ukurasa kwa kuwa gari lilikuwa linasubiri. Badala ya *gawanya jibu kwa 4*, watoto sitini na watatu walisoma *gawanya jibu kwa d*. Na maswali ya kumi na tano na kumi na sita yalitegemea jibu la hilo.

Wasimamizi wa mtihani hawajui kusoma nukta nundu. Mtoto akinyoosha mkono, anaambiwa soma ulichopewa.

Tulipata habari Jumanne iliyofuata. Mhandisi alikuja mwenyewe, shati lake siku hiyo halikupigwa pasi vizuri, na mkononi alikuwa na nakala za majibu ya watoto zilizotumwa na baraza. Alimpa Bi Vidole asome kwa sauti. Bi Vidole alipitisha vidole juu ya karatasi ya kwanza, akaiweka kando. Ya pili, akaiweka kando. Wengine walikuwa wameacha wazi. Wengine wamekisia. Kwenye ya tano akasoma:

"'Siwezi kuendelea. Hatujaambiwa d ni ngapi.'"

Shemeji akainuka. Aliinuka kama mtu aliyeitwa, akasimama, hakuwa na pa kwenda, akaketi tena.

"Huyo ana akili," akasema. "Amejibu vizuri kuliko wote."

Hakuna aliyecheka.

Kikao cha pili kilikuwa kifupi. Baraza lilikuwa limeamua kufuta maswali yale matatu kwa watoto hao, kwa hiyo hakuna aliyeanguka kwa sababu yetu, angalau kwenye karatasi. Mkurugenzi alitaka kujua kosa ni la nani. Nilifungua mdomo kusema ni langu pia, mimi ndiye niliyetaja namba ya bano. Shemeji akanitangulia.

"Ni langu, mama. Mstari niliuweka mimi."

"Si lake," akasema mhandisi. "Alituambia hapa hapa. Mimi ndiye niliyekuwa na hoja." Akasema amewaandikia wenye kompaila yeye mwenyewe, mara mbili, akawapelekea hata lile jibu la mtoto. Wamempa pole. Wamesema nyongeza imeshatolewa, hairudi, kwani kuirudisha kungevunja kazi za wengine ambao sasa wameshajipanga bila hiyo.

Mkurugenzi aliweka kalamu chini bila kusaini chochote. Kisha akasema uamuzi wake, na mpaka leo nimeugeuza kila upande nikitafuta mahali alipotenda ubaya, sijapaona. Masikio hataguswa cheo wala mshahara. Lakini msimbo asiuandike tena. Atakuwa mshauri wa kanuni za nukta nundu. Yeye ataeleza kinachotakiwa, wale wa makao makuu wataandika.

"Sawa, mama," akasema shemeji.

Nilimshika mkono tulipokuwa tunashuka ngazi. Huwa hataki kushikwa pale, anazijua ngazi zile kwa idadi. Siku hiyo aliniacha.

Ikaanza kazi ya simu. Kule makao makuu mwandishi wa msimbo alikuwa mwanamke, mama wa watoto wawili, mwenye sauti kavu ya mtu anayetaka kumaliza kazi yake mapema. Nilikuwa nawasikia mashine yangu inapopumzika.

"Mzee, unasema nibadilishe wapi?"

"Pale unapokata neno refu, baada ya kupima irabu."

"Huo ni mstari wa ngapi?"

"Sijui ni wa ngapi, binti yangu. Kipande kile nilikiita *mwisho wa irabu*."

"Hakuna kitu chenye jina hilo huku."

"Najua."

"Basi nitafute mwenyewe?"

"Tafuta. Kuna mabano matano yamefuatana."

"Mzee, huku kuna mabano matano yamefuatana sehemu mia nne."

Alikuwa anasema kweli, hakuwa na ukorofi. Shemeji akawa anafunga macho yale yasiyoona, kama mtu anayejaribu kuona vizuri zaidi, na kumwelekeza kwa kumbukumbu: pita pale, kuna kitu kinachohesabu hadi arobaini, kisha kuna kitu kinachoangalia kistari. Mara nyingine walifika. Mara nyingi zaidi yule mwanamke alisema ataandika upya kuliko kutafuta, na akaandika upya, na kipande alichokiandika shemeji kikafutwa. Hivyo ndivyo programu yake ilivyokwisha. Hakuna aliyeitupa. Ilibadilishwa kipande kwa kipande kwa njia ya simu, naye akishika mkono wa pili wa simu hiyo.

Alijaribu mambo mengine, nisiseme alikaa tu. Nyumbani alianza kuandika upya programu yote kwa lugha nyingine isiyotumia mabano, kisha siku ya arobaini akaacha. Mdogo wangu alimuuliza kwa nini. Akamwambia, "Nilipoiandika ya kwanza sikujua ni kubwa kiasi gani. Sasa najua."

Mwezi wa kumi na moja yule mwanamke wa makao makuu aliomba kuja kutuona. Alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Alileta biskuti. Alimsalimia shemeji kwa mikono miwili, akasema kwa mtu aliyebishana naye kwa simu miezi mitano, "Shikamoo mzee. Nimechoka kuandika kitu nisichokijua. Nifundishe hizo nukta."

Shemeji alimkalisha mezani kwa Bi Vidole, akampa ukurasa wa kitabu cha darasa la kwanza, akamshika kidole cha shahada na kukiweka mwanzo wa mstari. "Usibonyeze. Pita kama unafuta vumbi."

Akapita. Akarudi. Alifumba macho, akajaribu tena.

"Nasikia mikwaruzo tu, mzee."

"Ni herufi sita hizo."

"Zote naona kitu kimoja."

"Ndiyo," akasema shemeji. "Mwanzoni zote ni kitu kimoja."

Alikaa naye mpaka saa tisa, na kufika saa tisa yule mama alikuwa anaweza kutambua *a*, na *l* mara moja moja, zaidi kwa kubahatisha. Bi Vidole alimwambia asikate tamaa, mjinga mwingine ilimchukua mwaka. Yule mama aliagana nasi, akatoa kompyuta yake mkobani, akanionyesha kwenye skrini kile kipande kipya cha kukata maneno alichokiandika wiki ile, akasema anafikiri kimekaa vizuri, halafu akaenda kuwahi watoto wake shuleni.

Kompyuta ya shemeji nayo ilikuwa na kipande hicho, kilikuwa kimefika asubuhi. Aliniita. Hakuwa amevaa spika.

"Shemeji, kifungue. Kiangalie."

Nikawasha skrini. Mistari ilishuka safi, kila kipande ndani ya kingine, mabano yamejipanga kwa ngazi mpaka chini. Nilishuka nayo, nikapanda nayo. Kilikuwa kinang'aa mbele yangu na sikujua hata mstari mmoja unasema nini.

"Kazi yake ni nzuri?" akauliza.

Alikuwa amenigeuzia lile sikio la kulia, analoliacha kwa ajili yetu.

"Nzuri," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole, akaniambia nizime, umeme usiende bure. Nikazima, nikarudi kupakia karatasi.